Koo Kwanza, Mguu Baadaye

Siku mliponiaga mlinipa jiko la gesi, vitenge viwili na hotuba ya bosi iliyoanza na jinsi shirika letu lilivyozaliwa. Ilipofika kwenye jina langu, pilau lilikuwa limepoa na nusu ya wageni walikuwa wametoka nje kupokea simu ambazo hazikuita. Nilikaa pale mbele na maua yangu ya plastiki shingoni, nikawaza kwamba watu hawa nimefanya nao kazi miaka yote hii na bado hawajui kitu gani kitangulie na kipi kifuate. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya.

Kwa walioajiriwa juzi na hawanijui, mimi ni Bernadeta, Mwiraqw wa Karatu, na kazi yangu ilikuwa kufundisha watu wazima huduma ya kwanza. Nimefundisha wakulima, wapishi wa hoteli, madereva wa watalii na wafugaji wa ndani ya hifadhi. Sikuwa daktari wala muuguzi. Nilifundisha yale ambayo mtu anaweza kumfanyia mwenzake kabla hawajafika kwa muuguzi, na huku kwetu njia ya kwenda kwa muuguzi ni ndefu kiasi cha kuruhusu mengi kutokea. Vyeo nitaviruka, na mshahara pia nitauruka, maana mnaujua na mnajua kwamba hauna kisa.

Mafunzo yangu ya kwanza yalikuwa Buger. Ofisi ilinikabidhi mwongozo mnene wenye picha ya Mzungu aliyeanguka kwenye theluji, nikaambiwa nifundishe kama ulivyo, ukurasa kwa ukurasa. Sura ya kwanza ilikuwa maana ya huduma ya kwanza. Ya pili, historia yake. Ya tatu, wajibu wa mtoa huduma mbele ya sheria. Damu ilikuwa mbali huko ndani, karibu na faharasa. Mimi nilikuwa mgeni kazini na mtiifu, nikafundisha. Wazee wa Buger walikaa na makoti yao wakanisikiliza kwa heshima kubwa, na akina mama wakawanyamazisha watoto ili wasinikatize. Ilipofika saa sita tulikuwa kwenye vita fulani vya Ulaya ambako bandeji zilisifiwa sana. Hapo mwenyekiti wa darasa akasimama, akanishukuru, akamwomba mzee mmoja afunge kwa sala, na watu wote wakaondoka. Kumbe ilikuwa siku ya mnada. Walikuwa wamepanga tangu jana yake kwamba saa sita wanaondoka. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu mimi sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Jioni ile ile mkulima mmoja alijikata mguu na panga akisafisha shamba. Jirani yake, Paskali, alikuwa mshiriki wangu, akakimbia kwenda kumsaidia na kitambulisho cha mafunzo kinaning'inia shingoni. Alipofika akasimama wima mbele ya majeruhi, akamtamkia maana ya huduma ya kwanza, yote, bila kuruka neno. Majeruhi alikuwa amekaa kwenye damu yake mwenyewe, akasubiri kwa adabu mpaka mwisho.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa tunaingia kwenye historia," akasema Paskali.

Yule bwana akachukua kanga ya mkewe, akajifunga mwenyewe, na akapona. Lakini kwa miaka mingi tulipokutana kanisani alikuwa akinivuta pembeni na kuniuliza vile vita viliishaje.

Niliporudi ofisini nilimsimulia Mwalimu Gwandu, aliyekuwa mkufunzi mkuu wetu. Gwandu zamani alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, kwenye zahanati ya misheni, na alivaa kofia ya sufu mwaka mzima, hata Februari. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alichukua mwongozo wangu, akachomoa ile waya inayoshika kurasa, akazimwaga kurasa zote sakafuni.

"Panga upya," akasema.

"Kwa utaratibu gani, Mwalimu?"

"Mshiriki akiondoka saa nne, anaondoka na nini? Akiondoka saa tano, je? Kila saa moja ikipita, wewe jihesabie kwamba mnada umeita na hurudiwi tena."

Nikapiga magoti sakafuni nikaanza kupanga. Wakati nahangaika na sura ya sheria, kuku wa jirani akaingia mlangoni, akatembea juu ya karatasi, akazichanganya kwa miguu na kutoka upande wa pili. Gwandu akaangalia mpangilio aliouacha kuku, akasema si mbaya, umewazidi wa makao makuu.

Huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe, na vijana wangu msiudharau. Mwanafunzi wa shule anakaa mpaka kengele ilie, atake asitake. Mtu mzima ana ng'ombe, ana msiba, ana mgeni anayekuja, ana mahindi yameanikwa na wingu limesimama juu yake. Ataondoka. Kwa hiyo kila kipande cha somo lazima kijitegemee, na kile kinachoua haraka kikae mbele ya kinachoua polepole. Yale yanayopendeza machoni yakae mwisho, wayapate wale wasio na ng'ombe.

Kusema ni rahisi. Gwandu mwenyewe, na hili nalisema kwa kuwa ameshalisimulia kwa mdomo wake kwenye harusi ya binti yangu, alikuwa na udhaifu mmoja: mguu. Kwa sababu alikuwa dresa, hakuna kitu kilichomfurahisha kama mguu uliovunjika ukanyooshwa na kufungwa kwa vijiti na bandeji, mafundo yote yamelala upande mmoja. Akiingia darasani asubuhi ya baridi, watu wamejikunyata, alikuwa anaanza na mguu ili kuwachangamsha. Na kweli walichangamka. Sasa kijiji kimoja huko juu ya Karatu akafundisha mguu siku ya kwanza, na siku ya pili kukawa na msiba, mafunzo yakakatika. Baada ya muda muuguzi wa zahanati akaletewa mzee anayeumwa tumbo, amebebwa na watu wazima sita, miguu yote miwili imefungwa vijiti kuanzia nyonga hadi vidole. Kazi safi sana. Muuguzi akampa pole ya miguu.

"Si miguu," mzee akasema. "Ni tumbo."

"Sasa mbona mmemfunga miguu?"

Wakatazamana. Aliyekuwa kiongozi wao akajibu, "Sisi tulikuwa tumefikia kwenye mguu."

Gwandu alipoletewa habari hiyo alivua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla, akaichukua karatasi ya mguu na kuiweka chini kabisa ya nyingine. Kisha akanifundisha swali ambalo nimelitumia mpaka siku ya mwisho kazini. Kabla ya kufungua mdomo kufundisha, uliza: kitu gani kimewahi kutokea hapa, ukasimama ukakosa la kufanya? Majibu yatakayokuja ndiyo ratiba yako. Wapishi wa Karatu walinijibu mafuta ya kukaangia yaliyoshika moto. Dereva mmoja wa watalii alinijibu mgeni aliyezimia kwa kumwona nyati, na nyati mwenyewe alikuwa amelala. Wote niliwaanzishia pale walipokwama.

Kitendea kazi changu kikubwa kilikuwa Anania. Anania ni yule mdoli wa mazoezi, kichwa na kifua tu, asiye na miguu, mnayemweka siku hizi kwenye kabati kama si mtu. Mimi nilisafiri naye kwenye kiti cha mbele, nimemfunga mkanda, kwa kuwa nyuma kulikuwa na vumbi na kifua chake kilikuwa kikikwama. Pale kwenye geti la hifadhi askari walimzoea. Mmoja alikuwa akichungulia dirishani na kumsalimia kabla yangu.

"Shikamoo, Mzee Anania. Leo unakwenda wapi bila miguu?"

"Anakwenda Nainokanoka kufa," nilikuwa najibu. "Kesho jioni anarudi."

Na safari ya Nainokanoka, huko juu ndani ya hifadhi, ndiyo niliyotaka kuwasimulia tangu mwanzo. Ilikuwa miaka michache iliyopita, Gwandu ameshastaafu, nimekwenda mimi na dereva na Anania tu. Shule ilikuwa imefungwa, tukapewa darasa moja. Kule juu ukungu unaingia ndani kama mwenye nyumba, na chai inapoa kabla hujapata sukari. Wanawake ndio waliokuja asubuhi, baada ya kukamua. Wanaume walikuwa na ng'ombe na walisema watafika mchana. Mama mmoja alipomwona Anania amelazwa mezani kifua wazi, akavua shuka lake la pili akamfunika.

Nikauliza swali langu. Wakaangaliana. Kisha mama mmoja mfupi, mpana wa mabega, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema, "Koo."

"Koo limefanyaje, mama?"

"Nyama inakaa kooni. Mtu hapumui, hasemi, anageuka rangi. Kaka yangu alikufa hivyo akiwa morani. Mimi nimetoka nyumbani gizani, nimetembea mpaka hapa kwa ajili ya koo tu. Mguu mtafundishana wenyewe."

Jina lake lilikuwa Nasieku. Nilimwuliza kama anataka kutueleza zaidi, akasema hapana, anataka kujua kinachofanywa, maana kama kinachofanywa kipo, hataki kufa kabla ya kukijua. Kwenye mwongozo kupaliwa ni sura ya mwisho, baada ya kuumwa na samaki. Hata kwenye mpangilio wangu mwenyewe ilikuwa ya tatu. Nikaisogeza mbele ya zote pale pale, nikamwomba Anania radhi kwa kumchelewesha kufa.

Nikawafundisha. Anayekohoa mwache akohoe, mhimize, usimguse. Asiyeweza kukohoa wala kusema, simama ubavuni kwake, mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega, kwa nguvu. Isipotoka, pita nyuma yake, mzungushie mikono, ngumi moja juu kidogo ya kitovu, mkono wa pili juu ya ngumi, vuta kwa ndani na kwa juu. Kwenye mazoezi hatupigi wala kuvuta kweli, tunaonyesha tu, kwa sababu tumbo la mtu mzima si la kuchezea. Nasieku alionyesha kwa bidii kuliko wengine wote. Alimshika kila mwanamke wa darasani, kisha akatoka nje akamshika dereva wetu, na ile kwikwi aliyokuwa nayo tangu Karatu ikakoma.

Mchana wanaume wakafika, na mbele yao Mzee Saning'o, mwenyekiti wa kitongoji. Nyuma yake morani wengi, warefu, wamejaa darasani mpaka mwanga ukapungua. Nikauliza swali lile lile.

"Nyati," wakasema kwa pamoja.

"Nyati anafanya nini?"

"Anavunja mguu."

Nikawaambia wenzao wa asubuhi wameanza na koo, na mimi napenda nao waanze hapo, kisha nyati. Wakacheka. Morani mmoja, Lemayian, kijana mwenye sauti nzito na maneno mengi, akasema kupaliwa ni mambo ya watoto wanaolishwa uji. Mzee Saning'o akaunga mkono. Akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mgeni asiyejua, kwamba habari za morani na nyama hazizungumzwi mbele ya wanawake, na mimi mwalimu ni mwanamke, ingawa si kosa langu. Morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa, wala haonwi naye akila. Nyama yao wanakula peke yao, porini, wao kwa wao.

"Hapo hapo ndipo napaogopa," nikasema. "Mkiwa peke yenu, nani atamtoa mtu nyama kooni?"

"Mwalimu," akasema Lemayian, "sisi tuna meno."

Tulibishana mpaka nikaona naelekea kupoteza darasa zima. Mtu mzima ukimlazimisha anabaki amekaa, lakini kichwa kinatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe. Tukakubaliana: leo mguu, kesho alfajiri koo, kabla hawajaondoka na mifugo. Sikuwa na raha na makubaliano hayo hata kabla ya kulala, lakini ndiyo yaliyopatikana. Na mguu waliuweza. Walitengeneza machela kwa fimbo mbili na shuka, wakamfunga mwenzao, wakambeba kuzunguka shule wakiimba. Gwandu angelia kwa furaha.

Jioni, jua bado lipo, wenyeji wakatuchinjia mbuzi. Morani wakachukua sehemu yao wakaenda kuichoma nyuma ya kichaka kilicho upande wa pili wa uwanja, tusiwaone. Sisi wanawake tulibaki ukutani kwa darasa na chai yetu, Nasieku yuko pembeni yangu, Anania kati yetu na shuka lake. Tulikuwa tunasikia sauti ya Lemayian kule kichakani akisimulia jambo refu. Halafu sauti ikakatika katikati ya neno. Hatukushtuka. Nilidhani amepata nafasi ya kutafuna.

Akatokea. Mkono mmoja umeshika koo, mwingine umeziba mdomo kwa shuka, macho yamemtoka. Alipoona amekuja upande wetu, akageuka mara moja akaanza kutembea haraka kuelekea bondeni, mbali na sisi na mbali na wenzake. Wenzake wakamfuata mbio, na mmoja wao, naapa, alikuwa na vijiti na bandeji mkononi. Wakamkamata, wakamkalisha chini, wakamnyoosha mguu. Mimi nilikuwa nimeshasimama na chai inanimwagikia. Walifunga fundo la kwanza, zuri, limelala upande.

Nasieku aliweka kikombe chini akakimbia.

Lemayian kumwona mama yule anakuja, akajinyanyua na kijiti kimoja kinaning'inia mguuni, akakimbia. Alizunguka kona ya darasa akichechemea, mguu mzima kabisa, na shuka mdomoni. Nasieku nyuma yake. Mimi nyuma ya Nasieku. Morani nyuma yangu, wakipaza sauti kwa Kimaa, lugha yao, ambayo sikuielewa. Dereva wetu, aliyekuwa amesinzia garini, aliamka akaona tunapita, akafunga milango.

Tulipozunguka mara ya pili Lemayian alianza kuyumba. Midomo yake ilikuwa imeshabadilika rangi. Hapo ndipo mzaha ulipokwisha kwangu. Aligonga ukuta kwa bega, na bado akawa anajivuta kwenda mbele ili asionwe.

"Sikutazami," Nasieku akamwita kwa Kiswahili, nadhani ili nami nielewe. "Mwanangu, sikutazami. Nipe mgongo tu."

Lemayian akasimama. Mgongo alikuwa tayari kuutoa. Mgongo hauna miiko. Nasieku akamwinamisha akampiga katikati ya mabega kwa kiganja, mapigo niliyoyasikia mimi kifuani kwangu. Haikutoka. Akamzungushia mikono. Kichwa chake kilikuwa kinafika kwenye mbavu za yule kijana, shavu limelala mgongoni, macho ameyafumba kabisa kwa heshima. Akavuta. Akavuta tena. Kipande kikatoka na kuruka mbali, na mbwa wa pale shuleni akakidaka akakimeza kabla mwanamke yeyote hajakiona.

Lemayian akavuta pumzi kwa sauti kama ya mlango wa bati. Akakaa chini na kulia, na sisi wote tukatazama pembeni. Mimi nikakaa kwenye nyasi nikalia pia, na sioni aibu kuwaambia.

Mzee Saning'o akafika, fimbo mkononi, akihema. Akaangalia morani, akaangalia wanawake waliokuwa wamejikusanya. Alikuwa na jambo la kulimaliza rasmi, kwa ajili ya heshima ya yule kijana.

"Kuna mwanamke ameona nyama?"

"Nyama gani?" wanawake wakajibu.

"Wewe, Nasieku. Umeona nini?"

"Nimeona giza," akasema. "Nilifumba macho."

Mzee akaridhika. Akamwinamia morani aliyeshika bandeji akamwambia amfungue mwenzake mguu. Sisi tukampeleka Lemayian zahanati kwa gari, maana mtu aliyevutwa tumbo lazima aangaliwe hata akisema ni mzima. Muuguzi alisema yuko sawa, apumzike.

Asubuhi yake niliamshwa na minong'ono dirishani. Morani walikuwa wameshakaa darasani, mstari wa mbele, kabla ya ng'ombe kukamuliwa, na Lemayian katikati yao, kimya. Wanawake walikuja na kukaa nyuma, na kwa mara ya kwanza tukawa darasa moja. Mzee Saning'o akasema, "Mwalimu, tuanze na koo." Nikasimama na karatasi yangu, ambayo nilikuwa naiamini sana, nikaanza kama ilivyoandikwa: kwanza, dalili za mtu aliyepaliwa.

Nasieku akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Kuna kitu kinatangulia hapo."

Nikamwambia aje mbele, nikaenda kukaa benchi la nyuma na akina mama. Alisimama pale, mikono ameikunja ndani ya shuka, akawatazama wale vijana mmoja mmoja.

"Cha kwanza," akasema, "ukipaliwa, usiondoke."

Hakuna aliyecheka.

"Kaka yangu alikuwa anakula na wenzake ng'ambo ya kijito. Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka ule. Nilikuwa napita na maji. Nyama ikamkaa, akasimama aende kwa wenzake wengine waliokuwa mbele, halafu akaniona mimi. Akageuka. Akaenda nyuma ya mawe, peke yake, ili dada yake asimwone na nyama mdomoni."

"Na wewe, yeyo, ulifanya nini?" akauliza Lemayian. Yeyo ni mama. Sauti yake ilikuwa bado imekwaruza.

"Mimi nilimwona anavyoficha uso, nikajua anakula. Nikageuza uso wangu pia, nikaendelea na maji. Tulikuwa na adabu sana, yeye na mimi."

Pembeni yangu mtu alikuwa anamtuliza mtoto kwa kumpigapiga mgongoni. Kisha Nasieku akatoa mikono ndani ya shuka, akamwita Lemayian kwa kidole, akamwambia aje asimame mbele yake, katikati ya darasa, wanawake na wanaume wote wakitazama.

"Geuka," akasema.

Lemayian akageuka.